Pampu ya Gotu Inaona Tangi Limejaa

Kijiwe cha nyuma ya soko la Isiolo hakina daktari wala hakimu, lakini hakuna ugonjwa kisioupa dawa wala kesi kisiyoihukumu. Asubuhi hiyo Kendi, fundi wa kompyuta, alifika na laptop kwapani na roho mkononi. Programu ya lugha ya C aliyoiandikia pampu ya kisima cha Gotu ilikuwa inasema tangi limejaa, na tangi lilikuwa kavu tangu jana. Waziri, muuza mabomba, na Jaji, muuza miraa, vyeo walivyopewa na kijiwe tu, walimpisha katikati, wakamwagizia kahawa.

— Shida ni nini haswa? Waziri aliuliza.

— Huku juu ya programu, nje ya fankisheni zote, yaani vile vijisehemu vya kazi, kompyuta inataka thamani inayojulikana kabla programu haijaanza. Mimi nimeandika ianze na kipimo cha tangi. Imekataa katakata.

— Wee! Inataka nabii! Waziri alisema.

— Mkono mtupu haulambwi, Jaji alisema. Hiyo inataka kitu kidogo.

— Jaji, ni kompyuta! Kendi alisema.

— Kwani nani aliiunda? Si binadamu?

— Basi andika ndani ya fankisheni, Waziri alisema.

— Niliandika. Nikatengeneza kisanduku cha papo hapo, cha kuweka namba kwa muda, nikaweka kipimo, pampu nikaipatia anwani yake. Fankisheni ikiisha, kisanduku kinakufa. Pampu ikienda kwa ile anwani inapata takataka, inazisoma kama tangi limejaa.

— Kama kutafuta manyatta ya mwaka jana na wafugaji walishahama, Jaji alisema.

Kendi karibu amkumbatie.

— Hivyo hivyo!

— Basi hicho kisanduku kimehamia Kulamawe. Nasikia huko kumenyesha, kuna majani.

— Hapana, Waziri alisema. Maji hufuata mkondo. Kimeteremka na waya mpaka kwa tangi. Pampu haidanganyi, limejaa visanduku!

Kendi alishika kichwa. Ajabu ni kwamba aliona kama ina maana kidogo, na hilo ndilo lilimtia hofu.

— Salaam aleikum.

Alikuwa Ruweida, mwenye ng'ombe kule Gotu, mtandio wote vumbi.

— Kendi, mwanangu, ng'ombe wangu wamelala na kiu. Si kulikuwa na swichi ya kuwasha pampu na mkono?

— Tuliing'oa, mama. Siku ya kuifungia pampu kompyuta.

— Ilikuwa imeharibika?

— Hapana.

— Sasa mliing'oa ya nini?

Waziri alikoroga kahawa isiyo na sukari. Kendi aliona aibu. Akafunga laptop.

— Waziri, niazime bisibisi, nikairudishe swichi.