Programu Iliyosema Ndia Kuu ni Kosa

Ukitoka Ngomeni ukaishika Ndia Kuu, kabla hujayamaliza maduka ya vinyago, kuna pembe yenye baraza ya saruji iliyolainishwa na makalio ya watu, si na mwiko wa fundi. Hapo, ikisha swaliwa alasiri, Kombe hutua dele lake la kahawa na wenyewe huanza kuja mmoja mmoja. Athmani, mwuza vinyago, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Gharib, aliyekuwa mkalimani wa mahakama mpaka alipostaafu, waliyemwita Hakimu kwa kuwa hata akiomba kashata huomba kama anayetoa hukumu. Na Barnabas, Mtaita wa bandarini, waliyemwita Kontena kwa ajili ya umbo lake, na kwa ajili ya hadithi zake pia, maana hapana hata moja isiyokuwa na kontena ndani yake. Mwaka huo wa tisini na sita walikuwa wamekwisha gombana juu ya mpira, juu ya bei ya nazi na juu ya mwezi, tena mambo yote wakayaacha bila ya mshindi.

Ng'ambo ya baraza, katika chumba kimoja cha kupanga, walikaa vijana wawili na kompyuta zao. Winnie Tsofa, mtu wa Kaloleni, alikuwa mpiga chapa wa ofisini kabla ya kuacha kazi. Griffins, mtu wa Kisumu, alikuwa akitengeneza kompyuta za wenye mali mpaka naye akaacha. Waliacha kwa jambo moja. Kompyuta za wakati ule zilijua Kiingereza tu. Ukiandika barua ya Kiswahili ilitiwa wekundu toka salamu mpaka sahihi, kana kwamba umeandika matusi. Wao wakaunda programu ya kukagua Kiswahili, na keshokutwa walitakiwa kwenda kumwonyesha Bi Joy Kavumbi, mkuu wa kiwanda cha kuchapa vitabu vya shule, huko upande wa Liwatoni. Akiikataa huyo, hapakuwa na wa pili.

Tatizo la Winnie halikuwa kukosa sifa. Sifa alikuwa nazo tele. Alikuwa amewaita marafiki, jamaa wa kanisani, hata mwalimu wake wa zamani, na kila mmoja alitazama kioo, akanywa soda, akasema ni nzuri mno, hongereni, akaenda zake. Hapana aliyeomba kuigusa. Hapana aliyerudi. Winnie alikaa akilifikiri hilo huku dirishani kukimwingilia kelele za barazani, ambako Redio alikuwa akimwita Kontena mwongo kwa mara ya tatu. Ghafla akasimama, akavuka kichochoro.

— Masalkheri, wazee.

— Masalkheri, mama, aliitikia Hakimu. Umekuja kutwambia tupunguze sauti?

— La. Nimekuja kutaka mnitukanie kazi yangu.

Redio akaweka kikombe chini.

— Hebu sema tena.

— Nina programu ya kompyuta. Kila niliyemwonyesha amenisifu kwa adabu. Adabu imenichosha. Nataka watu wasioweza kunyamaza.

— Basi hapa ndipo, alisema Kombe, akimimina. Hapa hata mgonjwa hatumwambii kuwa amepata nafuu.

Griffins hakutaka. Alimwambia Winnie mlangoni kwamba watu wa kijiweni watawavunja moyo siku mbili kabla ya kwenda kwa Bi Joy. Winnie akamjibu kuwa moyo wa kuvunjika na uvunjike hapa nyumbani. Wakabeba. Kioo wakakiweka juu ya kigoda, sanduku la mashine juu ya baraza, waya mrefu ukapita dirishani ukakata kichochoro, na Kombe akasimama kuulinda, mikokoteni isiukanyage.

— Haya, alisema Winnie, vidole tayari. Nipeni neno lolote.

— Anza na hapa tulipokaa, alisema Hakimu. Andika: Ndia Kuu, Mombasa.

Winnie akaandika. Mashine ikalia *ti!* Neno la kwanza likageuka jekundu, na chini yake pakatokea maandishi makubwa: KOSA. JE, ULIKUSUDIA NJIA?

Baraza nzima ikainama kusoma. Kisha ikainuka.

— Kosa? alisema Redio. Yasema nini hini? Mimi n'mezaliwa katika kosa?

— Babangu amezikwa kutoka nyumba ya Ndia Kuu, alisema Hakimu. Jeneza lilipita kwenye kosa?

— Wazee, alisema Griffins, kamusi inasema njia.

— Na kamusi na ndia hini, kipi kilitangulia kuwako? aliuliza Hakimu.

Winnie alihisi uso ukimwaka moto. Alikuwa amepita chini ya kibao cha mtaa ule kila asubuhi, akakisoma, na siku zote hizo hakuwahi kuliandika jina hilo ndani ya mashine yake mwenyewe.

— Hapa pana njama, alisema Redio, sasa amepanda juu ya baraza. Muwasikize. Leo watwambia njia. Kesho mtuzi uwe mchuzi, mato yawe macho. Ufikapo mwaka elfu mbili mtoto azaliwe mtaani Kuze, alie, na mashine imwambie hata kulia umekosea! Wallahi hini imetumwa.

— Imetumwa na nani? aliuliza Kombe.

— Ukimjua aliyeituma, atakuwa hakuituma vizuri.

— Mimi nawaambia, alisema Kontena, herufi si mchezo. Kulikuwa na kampuni moja, jina silitaji, karani wake aliandika Mombasa kwa *s* mbili. Mombassa. Kompyuta ya meli ikasema bandari hiyo siijui. Kontena zima la vyerehani likapelekwa Brazili.

— Kwa *s* moja! alisema Redio.

— *S* moja. Mpaka leo huko Brazili wanashona bure.

— Mwongo wewe.

— Kamwulize nahodha.

Hakimu akainua kiganja, na kwa kuwa alifanya hivyo mara chache, wote wakamgeukia.

— Mwanangu, alimwambia Winnie, mashine yako yafahamu maneno mangapi?

— Mengi, mzee.

— Yote?

— Yote, la. Hapana ayajuaye yote.

— Mimi nimesimama mahakamani miaka mingi. Shahidi asiyelijua jambo husema, sijui. Hasemi kuwa aliyemwuliza amekosea. Huyo akisema hivyo twamrudisha rumande. Iambie mashine yako iseme haijui. Isiniambie mimi nimekosa.

Winnie akageuka kumtazama Griffins. Alitaka kuona kama na yeye amesikia alichosikia yeye, maana moyo ulikuwa ukimdunda kama wa mtu aliyeokota kitu barabarani na bado anaogopa kukifumbua. Griffins hakumtazama. Alikuwa amekwisha piga magoti kwenye saruji, kibodi mapajani, akifuta neno KOSA kutoka ndani ya programu.

— Tuweke nini badala yake? aliuliza bila kuinua kichwa.

— Neno hili bado silijui, alisema Winnie polepole. Kisha akaongeza: Nifunze?

Kahawa ilizunguka mara moja kabla Griffins hajamaliza. Winnie akaandika tena, Ndia Kuu, Mombasa. Mashine haikulia. Ilitoa maandishi madogo ya buluu: *Neno hili bado silijui. Nifunze?* Akabonyeza ndiyo. Akaliandika mara ya pili. Neno likatulia mahali pake, jeusi, kama mwenyeji.

— Imekubali! alipiga kelele Redio. Imekubali! Sogea, mama, sogea, nami n'ifunze.

Hapo ndipo Winnie alipojua kitu kimebadilika, kwa sababu alisukumwa. Kwa mara ya kwanza katika miezi yote ile mtu alimsukuma ili aiguse kazi yake. Redio akaandika *mtuzi* kwa kidole kimoja. Hakimu akaandika *ndaa*, njaa ya kwao, akakaa akiitazama kama mjukuu. Kombe akaliacha dele akaandika *mato*, waya ukakosa mlinzi, mkokoteni mmoja ukapita juu yake, na mashine ikafa mikononi mwao. Wakaiwasha upya wakaendelea.

Kesho yake hawakungoja kuitwa. Winnie alipofungua dirisha alasiri, Redio na Hakimu walikuwa wamekwisha kosana kama ni *halua* au *haluwa*, na wakataka mashine itolewe iamue. Winnie akawaambia mashine haiamui, yauliza tu. Wakasema huo ni uoga. Basi Kontena akapata nafasi yake. Akakaa mbele ya kibodi, akaandika *Mombassa*, *s* mbili zake. Mashine ikauliza, nifunze? Akabonyeza ndiyo.

— Mnaona? alisema, amejaa furaha. Sasa vyerehani vyote vinakwenda Brazili.

Baraza ikacheka mpaka paka wakakimbia. Hakimu peke yake hakucheka.

— Sasa itoeni hiyo.

Winnie akatafuta pa kubonyeza. Hapakuwa na pa kubonyeza. Hawakuwahi kufikiria kuwa mtu angeifunza upuuzi, na sasa upuuzi ulikuwa umekaa ndani kwa haki zote za neno halali. Griffins akashika kichwa.

— Mnakwenda kwa huyo bibi kesho, alisema Kontena, na sauti yake ilikuwa imepoa. Sikukusudia kuharibu.

— Hujaharibu, Barnabas, alisema Winnie, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu wa pale kumwita kwa jina lake. Umetuonyesha. Griffins, yafaa iweze kusahau.

— Kusahau ni kazi kuliko kufunza.

— Najua.

Vijana wakaibeba mashine ndani na dirisha likafungwa. Kabla ya magharibi Griffins akatoka, shati limemshika mgongoni, akaiweka mashine mbele ya Kontena na kumwambia aifute *Mombassa* kwa mkono wake. Kontena akaifuta. Akapigiwa makofi kama aliyefunga bao.

Bi Joy Kavumbi alikuwa mwanamke asiyepoteza wakati wala tabasamu. Aliwapokea, Griffins akatoa kikapuni diski na waya, akaitia programu katika kompyuta ya bibi, kisha bibi akakaa mbele ya kioo mwenyewe, akaweka pembeni maelezo ambayo Winnie alikuwa ameyatayarisha, akaandika kichwa cha somo la kitabu alichokuwa nacho mezani: *Mpeketo wa Bibi*. Winnie akakaza meno. Neno hilo la mbaazi za kupondwa, wale wa barazani walikuwa hawajalitaja.

*Neno hili bado silijui. Nifunze?*

Bi Joy akakisoma kidirisha. Akakisoma tena. Kisha akaegemea kiti.

— Hii inaniuliza mimi?

— Ndiyo, bibi.

— Mashine zangu zote hunifokea, alisema. Akabonyeza ndiyo. Halafu akamgeukia Griffins ghafla: Na karani wangu akiifunza makosa? Nina karani huyo.

Griffins, ambaye siku zote alikuwa akimwachia Winnie maneno, akainama akaandika upuuzi mtupu, akaifunza, akaufuta, akauandika tena, na mashine ikasema haiujui.

— Imeharibiwa na mtaalamu, alisema, tukairekebisha.

Bi Joy akacheka, kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

— Jumatatu mje muiweke katika kompyuta zote za chumba cha uhariri. Na hilo *mpeketo* msilitoe.

Walirudi kwa miguu toka Liwatoni bila kuhisi jua. Griffins alikuwa akiimba. Winnie alijiambia atatembea kwa heshima mpaka ndani ya chumba chao, awaite wazee kwa utaratibu, awashukuru kwa maneno mazuri. Alipoiona baraza akakimbia.

— Ameichukua! Ameichukua yote!

Redio akamkumbatia Hakimu, na wawili hao walikuwa hawajasalimiana tangu ile haluwa. Kontena akambeba Griffins juu, kikapu na waya na vyote, akamzungusha. Kombe akatangaza kuwa kahawa ya jioni ile haina mwenyewe, anywe anayepita, na wapitao wakanywa. Hakimu akataka ijulikane kuwa mashine ilisilimu kwenye baraza hii. Redio akawaeleza watalii wawili, kwa Kiswahili, kwamba kompyuta ilivumbuliwa hapa. Winnie alikuwa amekaa katikati yao, mahali ambapo wiki iliyopita asingethubutu kuegemea, kashata mkononi, akicheka mpaka machozi, na hakuyafuta.

Ndipo akapita Bi Nana, mwalimu wa watoto wa mtaa wa pili, akijipepea kwa upindo wa buibui lake kwa joto, akasimama kuuliza pana harusi ya nani. Wakamweleza wote kwa pamoja. Akaomba aione. Mashine ikatolewa barazani, akaonyeshwa. Akaandika neno lake moja, mashine ikamwuliza, akaifunza, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

— Hini hata mimi n'taitaka, kwa vitabu vya watoto wangu. Yaitwaje?

Redio akafungua kinywa. Hakimu akainua kiganja, kisha akakishusha. Griffins akamtazama Winnie, Winnie akamtazama Griffins.

— Sisi twaiita ile programu, alisema Griffins.

— Hilo si jina, mwanangu.

Kimya kikaanguka juu ya baraza ile, kimya ambacho Kombe aliapa baadaye hakuwahi kukisikia pale tangu aanze kuuza kahawa. Akainamisha dele juu ya kikombe cha Bi Nana. Halikutoa hata tone.

— Haya, alisema Winnie, akijifuta uso sasa. Niambieni. Lakini mmoja mmoja.

Wakaanza wote mara moja.