Mama Viti, Aliyejua Nani Akae na Nani

Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa nane, mratibu wa vikundi vidogo katika Programu yetu ya Muziki ya Vijana atakabidhi funguo za ukumbi na kustaafu, baada ya kututumikia kwa misimu ishirini na saba ya kiangazi. Usoni tunamwita Mwalimu. Akitupa kisogo tunamwita Mama Viti. Jina hilo analijua vizuri sana. Mwaka juzi alikwenda kunywa chai, akaacha ameandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo: “Mama Viti katoka kidogo. Msikae.”

Kwa mgeni wa mambo yetu, programu hii huishi katika shule ya kuazima, wanafunzi wenyewe wakiwa likizo. Asubuhi vijana wote hukusanyika ukumbini kupiga okestra chini ya kiongozi wao, mzee mwenye kijiti na sauti ya kuamsha mtaa. Mchana okestra huvunjika vipande: watatu huku, wanne kule, kila kundi na chumba chake na wimbo wake. Klarineti huingia maabara ya kemia, selo, zile fidla kubwa zipigwazo kwa kukaa, huingia chumba cha ushonaji, na kuna mpiga tarumbeta mmoja aliyehamishiwa stoo ya majembe kwa ombi la majirani. Katika vikundi hivyo hakuna wa kupunga kijiti. Wapigaji wanaanza pamoja na kumaliza pamoja kwa kusikilizana tu. Ndiyo maana swali la nani awekwe na nani ni zito kuliko linavyoonekana, na ndiyo kazi aliyoifanya Mama Viti tangu mwanzo hadi leo.

Alikuja kushikilia nafasi ya mwalimu wa viola, ile dada ya fidla yenye sauti nzito kidogo, aliyekuwa mgonjwa. Alitarajiwa kukaa wiki mbili. Yule mwalimu alipona, akaolewa, akahamia mbali, akapata wajukuu, na Mama Viti bado yupo. Mumewe, fundi wa saa, anasema kila mwaka humwuliza kama hizo wiki mbili zimekwisha, na kila mwaka hujibiwa, “Karibu, Baba, karibu.”

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kila aliyepita hapa amelipigia ramli. Mama Viti hakuwahi kuvipanga vikundi kwa alama za majaribio. Mpiga fidla aliyepata alama za juu angeweza kujikuta na mpiga selo aliyepata za chini, na wote wawili wakang'ara. Aliwatenganisha mapacha wasioachana hata kwa dawa. Mama yao alikuja juu kama moto wa kifuu, na mwisho wa msimu alirudi na shukrani, maana yule mdogo alikuwa ameanza kuongea mezani. Aliwahi pia kuwatia wachelewaji sugu wanne katika kundi moja. Wiki ya kwanza hawakupiga hata nota moja kwa kungojana. Wiki ya pili waligombana. Wiki ya tatu walikuwa wakifika kabla ya mlinzi.

Alijuaje? Penye wengi pana mengi, na hapo kwenye bomba la maji nimeyasikia yote. Kuna walioapa kwamba anapanga kwa urefu. Kuna aliyesema anaangalia viatu. Mpiga filimbi mmoja alishikilia kwamba Mwalimu huota. “Akiota na wewe uko na huyo mwenye pumzi fupi, basi tena, shoga yangu, umekwisha.”

Siri ya mtungi muulize kata. Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu, siku chache kabla ya msimu kuanza, nilizunguka mlango wake mara kadhaa bila kubisha, mpaka akaniita mwenyewe kwa kunionea huruma, na nikamwuliza. Alicheka, akaniambia nimtazame siku ya kwanza ya msimu. Nilikuwa nimeiona siku hiyo miaka mitatu bila kuiona.

Siku ya kwanza, viti vyote vya ukumbi hurundikwa katikati, miguu juu, kama kuni. Vijana huingia na ala zao, Mama Viti anasema, “Tafuteni pa kukaa,” halafu anakwenda dirishani na glasi ya chai. Chai hiyo hainywi. Anatazama. Yuko anayechomoa kiti chake na kukiburuta sakafu nzima ikilia. Yuko anayechomoa viwili, kimoja akampa asiyemjua. Yuko anayekaa akielekea mlango. Yuko anayekigeuza kiti kidogo tu, ili sikio lake limwelekee jirani. Wengine hujikuta wamekaa kwa wakati mmoja bila kutazamana, na hao, alisema, wanaweza kuanza wimbo bila kuhesabiwa. Jioni yake vikundi huwa tayari.

Msimu mmoja mwalimu mpya, kwa wema wake, aliwahi alfajiri akavipanga viti vyote kwa mistari, vimenyooka kama meno. Mama Viti alipofungua mlango alishika kiuno. Kisha akatangaza kwamba sakafu lazima idekiwe, na viti vyote vitolewe nje mara moja. Viti vikatoka, vikarundikana uwanjani. Kwa kuwa hapendi uongo, alichukua dekio akadeki ukumbi mzima. Yule mwalimu mpya alimshangaa hadi alipohama.

Hiyo ndiyo njia yake, na imetoa vikundi vizuri ambavyo bado vinazungumzwa. Lakini nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo, naye mwenyewe ameniagiza nisiishie hapo.

Katika okestra yetu kuna msichana wa besi. Besi, kwa asiyeijua, ni ndugu mkubwa wa fidla, kubwa kuliko aliyeishika, na mpigaji wake husimama. Msichana huyu alikuja misimu mitatu. Kila asubuhi alipiga na okestra, nyuma kabisa, karibu na ndoo za kuzimia moto. Kila mchana, wenzake wakienda kwenye vikundi, yeye alibaki ukumbini akijifunza peke yake, kwa sababu hakuwa na kundi. Sote tuliona ni kawaida, maana nota za vikundi vidogo zenye besi ni chache na stoo yetu haikuwa nazo. Msimu huu ulikuwa wa mwisho kwake. Amemaliza shule, na anayemaliza shule hapa harudi tena kama mpigaji. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya kuondoka: apige walau wimbo mmoja na wachache, asikike, na yeye awasikie. Hakumwambia mtu. Alimwambia shangazi yake.

Shangazi huyo ni fundi cherehani, na ndiye anayeibeba besi kwenye gari lake la vitambaa. Mdomo wake hauna kufuli. Wiki ya pili ya msimu alimkuta Mama Viti mlangoni, akamwambia bila salamu ndefu, “Mwalimu, huyu wangu humkalishi na mtu. Kwani ana upele?”

Mama Viti alimweleza kwa upole kwamba mpiga besi hakai, husimama.

“Aa. Kwa hiyo asiyekaa hana wenzake?”

Waliokuwapo wanasema Mama Viti aligeuka akautazama ukuta wa nyuma wa ukumbi. Misimu yote hiyo alikuwa akitazama viti. Asiyehitaji kiti hakuwa amewahi kumwona. Tena akakumbuka vizuri: yule msichana, kila siku ya kwanza, ndiye aliyekuwa akivikagua viti kimoja kimoja, kile chenye mguu wa kulegea anakiweka pembeni, kile imara anampa mpiga selo; kisha wote wakishakaa, anasimama ukutani na besi yake. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Huyu alikuwepo, na lake halikuwepo.

Mtu mwingine angesema msimu ujao tutaona. Kwa msichana huyu hapakuwa na msimu ujao. Vikundi vilikwishapangwa, na kiongozi wa okestra alimwonya kwamba onyesho la mwisho limejaa hadi kooni. “Dada yangu, unataka kumwingiza tembo kwenye kibanda cha kuku.” Mama Viti akamjibu kwamba kibanda kitapanuliwa.

Aliomba wapigaji wa fidla wawili, selo mmoja na viola mmoja, ambaye ni mimi, waongeze saa moja baada ya vikundi vyao. Akachukua wimbo wa watu watano wenye selo mbili, akaketi kuigeuza sehemu ya selo ya pili iwe ya besi. Hakuwa amewahi kufanya kazi hiyo, na ilionekana. Siku ya kwanza besi ilisikika kama lori linalorudi nyuma kwenye ujia, fidla zikamezwa, na mpiga selo akacheka hadi akaangusha upinde. Mama Viti aliyakusanya makaratasi, akaomba radhi, akaondoka. Kesho yake alikuja na mengine. Safari hii alikuwa amepunguza nota nusu nzima, na nyingi kati ya zilizobaki zilikuwa za kudonoa kwa kidole.

Tatizo likabaki moja, la kuanza. Kila tukijaribu, mmoja alitangulia na mwingine alibaki. Tulitazamana, tukatikisa vichwa, tukahesabu kwa midomo, wapi. Hapo Mama Viti alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alivitoa viti vinne, akavirundika mbele ya msichana wa besi, akasema, “Wewe ndiye umekuwa ukituwekea viti. Tukalishe.” Kisha akaenda dirishani.

Msichana alifikiri sana. Akavipanga viti kwa nusu duara, vyote vikimpa mgongo, karibu naye kiasi kwamba tungeweza kumkanyaga. Tulimwuliza tutamwonaje. Akasema hatuhitaji kumwona. Akadonoa uzi wa chini, na mlio ukaja kupitia mbao za sakafu, ukapanda miguu ya viti, ukatufika kiunoni kabla ya masikioni. Mpiga selo alivua viatu. Tukaanza pamoja mara ya kwanza, kisha tukacheka tukaharibu, lakini tulikuwa tumekwisha kujua.

Onyesho la mwisho lilikuwa Jumamosi iliyopita. Wengi wenu mlikuwepo, ila kutoka huko chini huenda hamkuelewa mlichokiona. Wahudumu wa jukwaa walisikia watu watano, wakaweka viti vitano. Msichana wa besi alitoka na ala yake, akakiona kile kiti cha tano kimesimama mahali pake, akasita. Tungeweza kukisukuma wenyewe, lakini kila mmoja alikuwa ameshika upinde na woga.

Mama Viti hapandi jukwaani. Misimu yote hii, hata akiitwa kupigiwa makofi, hupunga mkono kutoka nyuma ya pazia. Jumamosi alipanda. Alikuja moja kwa moja, akakinyanyua kile kiti, kisha akasimama nacho katikati ya taa bila kujua akipeleke wapi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote kumwona Mama Viti hajui kiti kikae wapi. Msichana wa besi alinyoosha upinde, akamwonyesha: hapa, kando yangu. Mama Viti alitikisa kichwa. Upinde haukushuka. Basi akakiweka, akakaa.

Tulikuwa tumempa mgongo, kwa hiyo sikumwona usoni. Nilichosikia ni mtu nyuma yangu akivuta pumzi, halafu ule uzi wa chini ukapita sakafuni, na sote tukaanza. Shangazi mtu alipiga makofi kabla ya wimbo kwisha, mara mbili, na hakuomba radhi.

Kamati inaendelea kumtafuta atakayeshika nafasi ya Mama Viti, na nimesikia wengine wakipendekeza alama, wengine mashine ya kupanga majina. Mimi sijui. Najua tu kwamba Mama Viti ameacha agizo moja kwa atakayekuja: akishatazama waliokaa, atazame na waliosimama. Na kuanzia msimu ujao msichana wa besi atarudi, si kama mpigaji, bali kama msaidizi wa vikundi. Ameombwa na Mama Viti mwenyewe. Besi itaendelea kuja na gari la vitambaa.

Mwalimu, asante kwa kutuweka pamoja na watu ambao tusingewachagua. Asante kwa chai zote ulizoziacha zipoe kwa ajili yetu. Tunakutakia asubuhi ndefu zisizo na kengele, chai ya moto inayonyweka, na fundi wa saa aliye na muda.

Wageni wetu, mliokuja kumuaga na mnaosoma kijitabu hiki mkiwa mmesimama, msidhani wenyeji wenu wamesahau adabu. Viti vyote vimerundikwa katikati ya ukumbi kwa makusudi. Dirishani leo yuko mtu mwingine na glasi ya chai, mrefu, mkimya, na ukutani nyuma yake imeegemezwa besi. Ingia, Mwalimu. Tafuta pa kukaa.