Posa ya Mizinga Sita

Ligala letu, mahali petu pa kupiga soga, liko nyuma ya maduka ya mutaa wa Asiatique, Bujumbura, pale ukuta wa depo unapotupa kivuli. Kuna benchi moja ya mbao, tairi la lori tulilolilaza chini, na jiko langu. Mi ni Ilias, muuza kahawa, na kabla hujaniuliza: ndiyo, mutu anaweza kukaa na kikombe kimoja tangu adhuhuri mpaka alasiri, na mi namuangalia tu. Siku hiyo walikuwa walewale. Hyacinthe, tunamuita Protocole, amestaafu kazi ya serikali lakini mudomo wake haujastaafu. Hakuna arusi ya mutaa, ya kanisa ao ya musikiti, ambayo hajasimama kusema kwa niaba ya famiya. Bonfils, dereva wa taksi, tunamuita Satellite kwa sababu ana habari ya kila nchi na hakuna hata moja iliyowahi kuwa ya kweli. Moubarak ni mekanisye, fundi wa magari, tunamuita Piston. Na Hamissi, muuza vipuri, baba yake Soumaya, siku hiyo alikuwa ameshika simu kama mutu aliyepewa yai alishike.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Soumaya yuko Hungaria, anasoma mambo ya dawa. Kijana wa huko amemupenda, amesilimu, sasa anaitwa Idrisa, kwa hiyo upande wa dini Hamissi hakuwa na neno. Lakini kwetu kijana hajiposei mwenyewe. Wazazi wake lazima wajieleze wao ni nani na watu wao ni akina nani, na upande wa binti unaweka musemaji wa kuwauliza maswali magumu, hata yale ambayo majibu yake kila mutu anayajua. Basi Soumaya akamuelekeza baba yake Idrisa, muzee Tibor: leo saa kumi utapiga simu ya video, utajieleza kwa baba, na kabla ya hapo utume picha yako na watu wako. Picha ilikuwa imekwisha fika. Musemaji, bila shaka, alikuwa Protocole, na Hamissi alitakiwa kusema ndiyo ao apana siku hiyohiyo.

PROTOCOLE: Leta hiyo picha nisome adui.

HAMISSI: Si adui. Ni mukwe.

PROTOCOLE: Mpaka umekubali, ni adui. Leta. ... Hii nini?

HAMISSI: Muzinga.

PROTOCOLE: Naona ni muzinga. Nauliza inafanya nini mu posa.

Hamissi akabonyeza sauti ya Soumaya tukaisikiliza wote. «Salam aleikum baba. Muzee Tibor ni wa pili kutoka kushoto. Hao ni watu wake wa muzinga, ile ya kutungua ndege. Anasema batri yao, yaani kikosi chao, ni mizinga sita, kila muzinga watu saba, na malori ya kuvuta, na rada moja ya kuwaonyesha ndege iko wapi. Mujiandae baba, amefurahi sana.»

Protocole akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

PROTOCOLE: Sita mara saba. Delegesheni ya watu arobaini na wawili.

PISTON: Ongeza madereva wa malori.

SATELLITE: Na wa rada. Rada haiendeshwi na mutu mumoja, mi najua.

— Mi nina vikombe kumi na viwili, nikasema, na kimoja hakina mukono.

HAMISSI: Jamani, hiyo picha ni ya zamani. Angalieni, haina hata rangi.

PROTOCOLE: Hamissi, adabu. Baba wa binti hasemi mbele ya musemaji wake.

SATELLITE: Na rangi wameitoa makusudi. Jeshi la kule halionyeshi rangi. Rangi inaonyesha majani, majani yanaonyesha ni wapi, na adui anakuja.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu, ukiambiwa tuma picha ya watu wako, hao ndio watakaokuja kukaa kwenye mukeka. Hilo hata mutoto analijua. Kwa hiyo pale benchi hakuna aliyejiuliza kama wazungu nao wana desturi hiyo. Hamissi alijaribu mara mbili kuwaambia, wakamunyamazisha, naye si mutu wa kupigana na midomo mitatu. Alirudisha simu kwenye mapaja yake, akaangalia chini.

PISTON: Ngoja nikufundishe kitu hii. Muzinga ni kama injini, kila mutu ana nati yake. Huyu aliyekaa hapa anazungusha gurudumu, muzinga unaenda kushoto na kulia. Mwenzake anauinua na kuushusha. Huyu anaulisha risasi, nne nne, zimefungwa pamoja. Huyu anamupokeza. Na huyu amesimama pembeni, mikono nyuma, hafanyi kitu.

SATELLITE: Huyo anaumwa?

PISTON: Apana, huyo ndiye shefu.

— Kumbe kila nchi ina Protocole wake, nikasema.

Protocole akanitazama vibaya, lakini alikuwa na kazi, hakuwa na wakati wa kunijibu. Alikuwa ameanza kuunda batri yetu. Ukipokea wageni saba, yeye husema, lazima uwe na saba wa kukaa mbele yao, macho kwa macho, kazi kwa kazi.

PROTOCOLE: Mi ni shefu. Piston, utazungusha kushoto na kulia.

PISTON: Nitazungusha nini?

PROTOCOLE: Mazungumzo. Wakileta habari ya mahari unaipeleka kushoto. Satellite, we utainua na kushusha.

SATELLITE: Nainua mahari?

PROTOCOLE: Unainua binti, unashusha kijana. Kulisha, tunaweka mama Soumaya, yeye ana sufuria kubwa.

PISTON: Na rada?

SATELLITE: Rada tunayo siku nyingi. Mashangazi. Gari ikisimama Ruziba, wao Buyenzi wamekwisha jua nani ameshuka na amevaa nini.

Hapo nilicheka na mi, sikatai. Hata Hamissi alitabasamu kidogo. Lakini Satellite akiona mutu ametabasamu hawezi kukaa kimya, lazima aongeze.

SATELLITE: Sasa nisikilizeni. Mi nimeelewa. Ile muzinga ndiyo mahari.

PISTON: Toka hapa.

SATELLITE: Kwa nini basi wameipiga picha? Mutu wa ng'ombe anapiga picha ng'ombe. Wa Hungaria anapiga picha muzinga. Hamissi, utapata mizinga sita. Utaiweka wapi?

PISTON: Mumoja tuupeleke Ruziba kwenye mupunga, vindege vimewachosha watoto wa kufukuza.

SATELLITE: Na mumoja Kinindo. Pale kwenye majumba ya watu wa ONG, wale wa misaada, ukiweka kitu ya chuma mbele ya mulango wanaita sanaa.

PROTOCOLE: Wahenga walisema: mugeni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe. Huyu amekuja na jembe lake mwenyewe. Ni mutu wa heshima.

PISTON: Lakini angalia masikio. Mutu wa muzinga masikio yake yamekufa. Na asiyesikia la mukuu huvunjika guu. Mi nasema tuombe kwanza kuona miguu.

Hamissi akaweka kikombe chini. Hakukiweka kwa nguvu, lakini wote tulimugeukia.

HAMISSI: Munacheka. Mi muzinga sitaki hata kwenye picha. Soumaya alikuwa mutoto mudogo wakati wa vita, milima ile ilikuwa inatupiga mabomu. Mulikuwepo. Tulikuwa tunalala naye chini ya kitanda, mi na mama yake, tunamuziba masikio na nguo. Nilimuapia Mungu: huyu mutoto akikua, sitamupeleka mu nyumba ya mutu wa bunduki. Sasa mutu ananitumia picha amesimama na bunduki kubwa kuliko gari yangu, anacheka, na mi niseme ndiyo?

Sote tulikuwepo. Hakuna aliyesahau. Mi nilijifanya kuchochea makaa, ingawa yalikuwa yanawaka vizuri.

PROTOCOLE: Hamissi, ndugu yangu. Lakini hii inaangalia juu. Haiangalii nyumba za watu.

HAMISSI: Kitu kikienda juu kinarudi wapi?

Protocole akakuna kidevu. Maskini, alikuwa anatafuta methali, na kwa mara ya kwanza haikuja. Basi Satellite akaona ni zamu yake kumufariji mutu, na akifariji Satellite, heri uugue.

SATELLITE: We usiogope bunduki. Ogopa kitu ingine. Kwa nini muzee wa kutungua ndege anatafuta mukwe kutoka mbali? Fikiri. Binti akichoka, akitaka kurudi Bujumbura, anapanda nini? Ndege. Na ndege inapita juu ya nani?

PISTON: Bonfils, funga mudomo.

SATELLITE: Nasema tu. Rada wanayo.

Ulikuwa upumbavu, na kila mutu alijua ni upumbavu. Ila Hamissi hakucheka, na macho yake yakawa mekundu.

HAMISSI: Hajarudi tangu aende. Hata mara moja. Akiolewa kule, ndio basi. Wasiponitungulia ndege, nauli itaitungua. Mi naogopa hiyo tu, wallahi. Mambo ya mizinga nasema kwa sababu hiyo ingine sijui niiseme vipi.

Simu ikalia palepale. Protocole akainuka, akafunga vifungo vya koti. Piston akasimamisha simu kwenye birika langu la maji, tukajibana wote wanne nyuma ya Hamissi ili tuonekane. Kwenye kioo wakatokea watu wawili mu jikoni ya watu: Soumaya wetu, ameweka mutandio mupya, na muzee mumoja mwenye kichwa kinachong'aa, amevaa tai iliyomukaba. Alikuwa mutu mumoja. Nyuma yake hakukuwa na batri wala rada. Kulikuwa na jiko la gesi, na mwanamuke aliyepita haraka ameficha uso.

PROTOCOLE: Muzee Tibor, karibu mu famiya isiyokujua. Tumeambiwa mizinga sita. Tunauliza: mutu wa amani anakuja kuomba maua, na mizinga ni ya nini? Na wale wengine arobaini na mumoja watafika lini, tupike?

Soumaya akaziba mudomo na mutandio. Alichukua muda kutafsiri. Muzee akasikiliza, akashituka, kisha akacheka mpaka tai ikalegea. Akasema maneno marefu, Soumaya akatupa kwa vipande.

SOUMAYA: Anasema anaomba samahani. Ile picha ni ya ujana wake, miaka arobaini imepita. Zamani kule kila kijana alichukuliwa jeshini, hakuulizwa. Yeye kazi yake ilikuwa kupokeza risasi. Hawakumupiga mutu. Walikuwa wanapiga kitambaa kinachovutwa na ndege kwa kamba, na siku moja wakakata kamba, rubani akawatukana kwenye redio.

PISTON: Kwa hiyo kitambaa hawakukipata?

SOUMAYA: Hata mara moja, baba Moubarak.

HAMISSI: Muulize basi kwa nini ameituma.

SOUMAYA: Anasema ... nilimuambia atume picha na watu wake. Yeye ni mutoto wa pekee, wazazi walikufa mapema. Anasema wale sita ndio watu aliowahi kuwaita watu wake. Wawili tu ndio wako hai. Hakuwa na picha ingine ya kutuma.

Protocole akakaa chini taratibu. Swali lililobaki, la rada, alilimeza. Nilimuona akilimeza.

Kisha muzee akasogea karibu na simu, hata tukaona vinyweleo vya pua. Akasema kitu kifupi. Soumaya hakutafsiri. Muzee akamutazama, akarudia. Soumaya akatikisa kichwa, akamuambia kitu kwa lugha yao, na muzee akarudia mara ya tatu, taratibu, huku akimuonyesha Hamissi kwa kidole.

HAMISSI: Anasema nini, mama?

SOUMAYA: Si kitu, baba.

HAMISSI: Tafsiri. Ni posa hii.

SOUMAYA: Anasema ... anauliza: binti yenu, akiwa na huzuni, nyumbani munamupikia nini? Anasema nikija kwao wakati wa baridi nakaa karibu na dirisha, sili. Muke wake amejaribu supu zote anazozijua. Nikiulizwa nasema sina kitu. Anasema yeye hataki kujieleza zaidi, anataka kujua hiyo tu, kwa sababu baridi inakuja tena.

Hamissi akaacha kuangalia simu. Akatugeukia.

SATELLITE: Samaki, mukeke wa kuchoma?

PISTON: Ndagala, dagaa wetu, na ugali wa muhogo. Kila mutu anapenda ndagala.

PROTOCOLE: Katika hali kama hii, kwa kawaida, famiya ...

Mi nimemuona Soumaya tangu anatambaa, alikuwa anakuja hapa kumuita baba yake kula, na mi sikujua. Hamissi aliangalia kila mumoja wetu usoni, akitafuta, na sisi tukaangalia kahawa. Kwenye kioo muzee alikuwa anangoja, ameshika kalamu.

HAMISSI: Sijui. Muambie sijui, mama. Wallahi, baba yako hajui.

Soumaya alikuwa analia, anajifuta, hakutafsiri. Nadhani muzee alielewa, maana aliteremsha kalamu. Lakini Hamissi alikuwa amekwisha simama. Akachukua simu kutoka kwenye birika, akaishika mbele yake na mikono miwili, uso wa muzee ukiangalia njia.

HAMISSI: Muambie asikate. Nyumbani ni karibu. Twende naye, tumuulize mama yako.

Akaondoka. Tulimuona akivuka barabara kati ya pikipiki, anainua simu juu ili muzee aone vizuri, anamuonyesha hii ni nini na hii ni nini, kwa Kiswahili, kana kwamba yule muzungu anasikia kila neno.