Ndiyo Yenye Mashaka

Ndani ya basi la kwenda mtaa wa Kalihi, Puanani, karani wa kamati ya bunge la jimbo, alijibanza dirishani akiomba asitambuliwe. Asubuhi hiyo ndiye aliyewaita wajumbe majina, mmoja mmoja, waupigie kura muswada wa serikali wa barabara itakayopita juu ya makaburi ya bondeni.

Kwenye kiti cha mbele yake alikaa bibi aliyetoa ushahidi wa dakika mbili mbele ya kamati kuupinga. Shada la maua bado lilikuwa shingoni.

"Pole, anti," alisema mzee wa kando yake. "Lakini mbunge wetu alitamka wazi: 'Ndiyo, ila nina mashaka.' Imeandikwa."

"Na ikahesabiwa upande gani, anko?"

"Wa ndiyo. Ndio utaratibu wao. Lakini si ndiyo kavu, ni onyo kwa serikali."

"Basi niambie. Mama yangu watamfukua, au watamfukua kwa mashaka?"

Basi likasimama. Bibi akamshukuru dereva, akashuka.

Puanani alitazama vidole alivyohesabia kura. Wenye mashaka walikuwa wanne. Muswada ulipita kwa tofauti ya kura mbili.