Juma wa Kuvuka Mto

Gari la abiria la kwenda Mlali lilipotoka mjini, Martina alichungulia madaftari aliyokuwa akisahihisha jirani yake wa kiti, mwalimu asiyemfahamu. Yote yalikuwa na sentensi moja: "Walking carefully, Juma crossed the river."

"Shikamoo, mwalimu. Kumbe Juma bado anavuka mto kwa uangalifu?"

"Marahaba. Unamjua?"

"Tulimwimba darasani miaka minne. Juzi nilikuwa kwenye majaribio ya kazi ya kuongoza wageni mlimani. Mzungu akaanza kuteleza, nikatakiwa nimwonye kwa Kiingereza. Ikanitoka sentensi hiyohiyo. Yeye kakaa kwenye tope, mimi namsimulia habari za Juma!"

Abiria wakacheka. Mwalimu hakucheka. "Lakini sentensi ni sahihi, binti yangu."

"Ndivyo walivyosema wasimamizi wa majaribio, wakampa kazi mwingine. Wewe umewahi kuongea na mtu Kiingereza hicho?"

Mwalimu akatia vema nyekundu, akafungua daftari jingine. "Mtihani hauulizi hayo."

Mlali gari likasimama. Mwalimu akashuka na mzigo wake, mguu ukateleza kwenye tope.

"Taratibu, mwalimu, hapo panateleza!" Martina akapiga kelele, kwa Kiswahili, bila kufikiri.