Mahindi na Ndengu za Timor

Tangu basi litoke Kangundo, Syomiti alikuwa akirudia moyoni neno moja: hapana. Adhuhuri mwanawe Muendo, mwanajeshi wa kulinda amani Timor Mashariki, angepiga simu kwenye duka moja Machakos, naye angemkataza kuoa msichana wa huko. Kumbe kijana aliyeketi kando yake, Wambugu, alikuwa mwanajeshi aliyerudi juzi kutoka huko huko.

"Hiyo Timor ni nchi gani hasa?" akamuuliza, baada ya kumsimulia habari za Muendo na msichana wake.

"Ni nusu ya kisiwa, mama, karibu na Australia. Ni milima tu, kama hii yenu ya Iveti, na kahawa chini ya miti. Mreno aliwatawala miaka mingi, halafu Indonesia ikawavamia. Sasa ndio wanapumua."

"Na wanakula nini? Nyoka?"

Wambugu akacheka. "Mahindi, mama. Wanachemsha na ndengu na malenge."

"Ndengu!" Basi zima likageuka, kisha kila mtu akajifanya anaangalia nje. "Wee, unanidanganya juu mimi ni Mkamba, na ndengu ndizo chakula chetu."

"Haki ya Mungu. Lakini mahari ni nyati wa kufugwa."

"Nyati? Muendo huyu anayeogopa mbuzi?" Kisha sauti ikashuka. "Anasema huyo msichana hana mama."

"Wengi hawana. Vita vilikuwa virefu."

Basi likasimama Machakos. Syomiti akainuka, akajifunga leso vizuri. "Kwa simu, naweza kupewa msichana kwanza?"

"Hamtasikizana, mama. Huko hawajui Kiswahili."

"Nani amesema tusikizane? Nataka asikie sauti ya mama."