Kikao Ambacho Mwenyekiti Mengineyo Hakukifunga

Wafiwa wenzangu, walimu mliofika hapa na chaki bado vidoleni, na majirani ambao tangu juzi hamjatuacha peke yetu, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha yake, na shemeji yangu ameniomba nisome yote, pamoja na yale ambayo ningependa kuyaruka.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili wa fundi breki na mshona nguo, akaanza shule ya msingi mwaka 1959, ambako alipewa kazi ya kufuta ubao kwa sababu aliwazidi wenzake kwa urefu, akaipenda kazi hiyo hadi nyumbani tukawa tunamtania kwamba siku ya harusi atamfuta bibi harusi poda.

Alihitimu chuo cha ualimu Novemba 1972, akapangiwa kufundisha hesabu katika shule iliyopakana na soko, watoto wamebanana wanne wanne kwenye dawati, na huko ndiko alikoanza kushindwa kunyamaza, akachaguliwa katibu wa tawi la chama cha walimu mwaka 1981, kisha mwenyekiti mwaka 1988, cheo alichobaki nacho hadi mwisho. Wengi mnaukumbuka mgomo wa 1993, wenzetu walipofukuzwa kazi, naye akagoma kurudi darasani mpaka wa mwisho wao arudishwe, akakonda hadi suruali zikataka kamba, na wote wakarudishwa. Mnakumbuka pia mtindo wake, aliouanza darasani na kuuhamishia ukumbini: alitembea na kifutio chake cha ubao, chenye mgongo wa mbao, na ajenda ya mwisho, ile ya mengineyo, ilipofika, aligonga meza mara mbili na kuuliza, "Kuna lingine?", na mpaka ajibiwe kwamba hakuna lingine, hakuna aliyethubutu kunyanyuka kitini. Jina la Mengineyo alilipatia hapo.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975 na binti aliyekuwa akiuza katika duka la vitabu, na siku ya posa, alipomaliza kujieleza, aligonga meza ya wakwe na kuuliza swali lake, wazee wakatazamana, akajibu binti mwenyewe kutoka jikoni kwamba hakuna lingine. Tangu hapo jibu hilo likawa lake, kila jioni baada ya chakula kaka akigonga, shemeji akijibu, ndipo watoto wao watatu, ambao leo ni fundi umeme, muuguzi na mwalimu, wakaruhusiwa kuondoka mezani.

Tarehe 9 Juni 2010, katika ukumbi wa chama, ajenda zote zikiwa zimepita, aligonga meza, akafungua mdomo aulize, akaanguka, kilikuwa kiharusi. Katika patashika ya kumbeba hakuna aliyekumbuka kukifunga kikao, na mhudumu wa ukumbi ni shahidi kwamba kila alipovipanga viti ukutani, akitoka kula mchana alivikuta vimegeukia meza ya mwenyekiti, mwisho akaamua kuviacha. Hospitalini kaka hakuweza tena kusema, ila kidole kimoja cha mkono wa kulia kiligonga chuma cha kitanda, mara mbili, kisha akamtazama mkewe, akingoja. Madaktari walidhani ni misuli tu inayojirusha. Shemeji alijua anachoulizwa, na hakujibu, kwa sababu aliamini kwamba akijibu tu mumewe ataondoka, na hakuwa tayari kumwachia, akamlisha uji, akamsimulia habari za bati linalovuja, akageukia dirishani, wiki baada ya wiki, naye kaka akigonga. Alifariki tarehe 2 Agosti, asubuhi, bila kujibiwa.

Tangu siku hiyo meza ya chakula nyumbani inagongwa. Tulisema ni panya, tukasema ni mbao zinakauka, kila mtu na lake, lakini panya haachi vumbi la chaki, na juu ya meza ile, hata shemeji akiifuta kwa kitambaa kibichi, hurudi alama nyeupe ya mstatili, saizi ya kifutio. Jana tulimwekea kifutio chenyewe mkononi, ndani ya jeneza, tukiamini yamekwisha. Leo, wakati viti vinatolewa nje, meza ikagongwa tena, na ninyi mliokuwa sebuleni mliigeukia wote kwa pamoja, msijifanye hamkusikia. Shemeji anaogopa, ila hamwogopi mumewe, anaiogopa siku ambayo meza itanyamaza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume kwa uvumilivu wao, majirani kwa maturubai na masufuria, na walimu wenzake, hasa makamu mwenyekiti, aliyejitolea kukifunga kikao yeye kwa mujibu wa katiba ya chama, tukamweleza kwa heshima kwamba si yeye aliyeulizwa.

Naomba basi walimu mkae kama mnavyokaa ukumbini, asinyanyuke mtu. Mimi naishia hapa, kwa kuwa jibu si langu kulisoma. Shemeji, sogea karibu na jeneza, anakungoja. Na wewe kaka, ukishajibiwa, funga kikao, weka kifutio chini, upumzike kwa amani.